Uani kwa Makabaila wa Uingereza

Wageni wengi wanaozuru majumba ya makabaila huko mashambani Uingereza huishia sebuleni. Husifu mazulia na picha za mababu, kisha hao, basini. Kumbe jumba lenyewe lisingemaliza wiki bila majengo ya uani: zizi la farasi, ghala, chumba cha dobi, kiwanda cha pombe, nyumba ya njiwa. Ukiyakagua utaona kwamba fundi hakuyapamba kwa kadiri ya kazi ya kila jengo, bali kwa kadiri ya macho yatakayoyaona.

Ndiyo maana zizi lilipewa hadhi ya kwanza, kwani kila mgeni alifika kwa farasi. Kule Chatsworth, Derbyshire, Duke wa nne wa Devonshire alimpa kazi hiyo msanifu James Paine, na katika miaka ya 1760 likasimama zizi la mawe la pande nne, lenye ua katikati na lango la nguzo nene. Farasi 80 walikuwa na nafasi zao chini. Watumishi wao walilala juu. Asiyejua angedhani hilo ndilo jumba la Duke. Siku hizi ndani yake kuna maduka na mgahawa.

Nyumba ya njiwa ilikuwa na kiburi cha namna nyingine. Kwa karne nyingi, haki ya kujenga nyumba kama hiyo ilikuwa ya bwana mwenye eneo peke yake. Njiwa walijilisha katika mashamba ya wakulima, na makinda yao yakaliwa mezani kwa bwana. Iliyopo Willington, Bedfordshire, ilijengwa mwaka 1541 hivi na Sir John Gostwick, ofisa wa Mfalme Henry VIII. Ni jengo la mawe, refu, ambalo kuta zake za mwisho zimepanda kwa vidato kama ngazi. Paa ni la tabaka mbili, na katikati yake umeachwa upenyo wa ndege kupita. Ingia ndani uinue macho: kuta zote ni vishimo vya viota, safu juu ya safu, karibu 1,500.

Nyumba ya barafu, kinyume chake, ilifichwa. Hata leo watu hupita kando yake wakidhani ni kilima kidogo chenye miti. Chini yake kuna shimo la matofali lenye umbo la yai, kuba juu, na ujia mfupi wenye milango zaidi ya mmoja ili joto lisipenye. Wakati wa baridi vibarua walivunja barafu bwawani na kuishindilia humo pamoja na majani makavu. Maji yaliyoyeyuka yalitoka kwa mfereji wa chini. Kiangazi, wakubwa walikula vitu baridi.

Ghala la nafaka ni rahisi kwetu kulielewa. Mengi yaliinuliwa juu ya mawe yenye umbo la uyoga, ili panya akipanda mguu wa jiwe akwame chini ya kofia yake. Ni hila ileile ya bati linalozungushiwa miguu ya maghala yetu ya mahindi.

Lakini kinachonishangaza zaidi kiko Calke Abbey, pia Derbyshire. Kiwanda cha pombe kimejengwa mbali kidogo na jumba, na kati yake na stoo ya pombe chini ya jumba limechimbwa handaki. Watunza bustani nao walikuwa na lao, ili wakienda kazini wasionekane na familia ya bwana. Gharama yote hiyo, ya kuchimba na kujengea matofali, ilikuwa ya kumwondolea bwana kero ya kumwona anayemfanyia kazi!

Calke iko chini ya shirika la National Trust tangu 1985. Ukijaliwa kufika, usiishie sebuleni, ulizia handaki.