Gari Ilikuwa Inamisi, Umeshaitengeneza, Mbona Taa ya Cheki Injini Bado Inawaka? Fanya Hivi

Umebadilisha plagi, au fundi kakufungia koili mpya. Gari iliyokuwa inatetemeka kwenye foleni sasa imetulia, inavuta vizuri, hata mlio umerudi kawaida. Lakini ukiangalia dashibodi, ile taa ya njano yenye umbo la injini ipo palepale.

Hapo ndipo wengi wanaanza kuhisi wamepigwa. Wengine wanarudi gereji na kuuziwa kifaa kingine ambacho hawakukihitaji. Wapo pia wanaochoka, wanaizoea taa, mpaka siku tatizo jipya linatokea na wao hawajui, maana taa ilikuwa inawaka siku zote.

Ukweli ni kwamba taa kuendelea kuwaka baada ya matengenezo mara nyingi ni kitu cha kawaida. Kuna njia sahihi ya kuizima, na kuna njia ya kujidanganya. Twende taratibu.

Kwa nini taa haizimi papo hapo?

Gari kumisi maana yake silinda moja au zaidi inashindwa kuchoma mafuta inavyotakiwa. Injini ya silinda nne ikiwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inatakiwa ichome mara 25 kwa sekunde moja. Silinda ikikosa zamu yake, kasi ya injini inashuka kidogo sana, na sensa ya kranki inaliona hilo. Kompyuta ya gari inahesabu makosa hayo, na yakizidi kiwango inawasha taa na kuhifadhi namba ya hitilafu.

Namba zenyewe si ngumu kuzisoma. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, P0303 ya tatu, P0304 ya nne. P0300 maana yake inamisi huku na kule, si silinda moja tu.

Sasa, kompyuta haioni kwamba umefunga koili mpya. Inasubiri ushahidi. Kwa utaratibu wa OBD2, ambao ulianza kuwa lazima kwa gari za Marekani za mwaka 1996 na gari za petroli za Ulaya kuanzia 2001, taa inazima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo bila kosa kurudi. "Safari" hapa ni kuwasha gari, kuiendesha kiasi cha kutosha kompyuta ipime, kisha kuizima.

Na kwa tatizo la kumisi kuna sharti la ziada: kompyuta inataka kuiona injini katika hali inayofanana na ile ya siku ya kosa. Kama ilimisi ukiwa unapanda mlima na gari imejaa watu, ukizunguka mtaani kwenda dukani na kurudi hautakuwa umeipa ushahidi inaoutaka. Ndiyo maana mmoja taa yake inazima siku ya pili, mwingine anakaa nayo wiki nzima.

Kama taa inapepesa, hiyo ni habari nyingine

Taa iliyotulia inakwambia kuna tatizo, lishughulikie. Taa inayowaka na kuzima huku gari inatetemeka inakwambia punguza mwendo na utafute pa kusimama salama, sasa hivi.

Sababu ni hii. Silinda isipochoma, petroli mbichi inatoka na kwenda kuungulia ndani ya masega kwenye bomba la moshi. Masega yanapata joto kali kupita uwezo wake, yanaweza kuyeyuka na kuziba. Hapo tatizo lililoanza na plagi moja linageuka kuwa hasara kubwa kuliko plagi, koili na ufundi vikijumlishwa. Gari ikifika hapo, iache ivutwe kwenda gereji.

Kabla hujafuta, hakikisha imepona

Kufuta namba ya hitilafu ni kufuta ushahidi. Ukiifuta kabla hujaiandika na kosa likarudi, fundi ataanza upya kubahatisha, na wewe utalipia kubahatisha huko.

Kwa hiyo kwanza soma namba zote na uzipige picha kwa simu. Kompyuta nyingi pia zinahifadhi hali ya gari wakati kosa linatokea: mizunguko ya injini, joto la maji, mwendo, mzigo. Piga picha na hizo. Zitakusaidia kujua injini ilikuwa ya moto au ya baridi, na gari ilikuwa imesimama au inakimbia.

Kisha jiulize: je, chanzo kimepatikana kweli? Kwa injini yenye koili juu ya kila plagi, kama 1NZ-FE iliyomo kwenye Vitz, IST, Raum na Probox nyingi, kuna kipimo rahisi kisicho na gharama. Kama namba ilikuwa P0303, hamisha koili ya silinda ya tatu uiweke ya kwanza, na ya kwanza iende ya tatu. Namba ikigeuka kuwa P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Angalia plagi, nozeli au kompresheni ya silinda hiyo. Kwenye Toyota hizi silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda.

Angalia pia ndani ya tundu la plagi. Ukikuta oili, gasketi ya kifuniko cha juu cha injini inavuja, na koili mpya nayo itakufa vilevile. Ukikuta maji, kumbuka kama juzi uliosha injini kwa maji ya presha.

Na kama ni P0300, usikimbilie kununua koili nne. Mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, pampu ya mafuta iliyochoka au petroli iliyochakachuliwa, vyote vinaweza kufanya silinda zote zimisi.

Njia ya kwanza: iache izime yenyewe

Hii haina gharama na ndiyo ya kuaminika zaidi, kwa sababu kompyuta yenyewe ndiyo inayotoa hukumu. Endesha gari kama kawaida kwa siku kadhaa. Changanya: washa ikiwa ya baridi asubuhi, pita kwenye foleni, kisha tafuta barabara ndefu, kama kuelekea Bagamoyo au Kibaha kwa watu wa Dar, uende mwendo ulionyooka unaoruhusiwa kwa dakika 10 au 15.

Taa ikizima, namba inabaki kwenye kumbukumbu kwa muda. Inafutika baada ya injini kupata moto kikamilifu mara 40 bila kosa kurudi. Kupata moto kikamilifu ni maji ya injini kupanda angalau nyuzi 22 na kufika nyuzi 71 za Selsiasi. Kwa hiyo ukipima ukakuta namba ya zamani ingawa taa imezima, usishtuke.

Njia ya pili: tumia simu yako

Kuna vidude vidogo vinavyoitwa ELM327 vinavyochomekwa kwenye gari na kuongea na simu. Mwenye Android anaweza kutumia cha Bluetooth cha kawaida. Mwenye iPhone atafute cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya kisasa ya nishati ndogo, la sivyo simu haitakiona. Programu zipo nyingi, Torque na Car Scanner ni miongoni mwa zinazojulikana.

1. Zima injini. Tafuta tundu lenye pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva, uchomeke kidude.
2. Weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini. Kwa gari ya kubonyeza, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki.
3. Unganisha simu. Ukiombwa namba ya siri, jaribu 1234 au 0000.
4. Soma namba za hitilafu, piga picha ya skrini.
5. Bonyeza kitufe cha kufuta, mara nyingi kimeandikwa "Clear".
6. Zima swichi, subiri kidogo, kisha washa gari.

Usifute injini ikiwa inaunguruma. Gari nyingi zinakataa. Na usibonyeze mambo usiyoyajua ndani ya programu.

Jambo la kujua kabla hujanunua: baadhi ya gari za Japani za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la kwao zina tundu hilohilo la pini 16, lakini haziongei na vidude hivi vya bei rahisi. Muombe muuzaji akijaribishe kwenye gari yako kwanza. Kikikataa, nenda kwa fundi mwenye mashine kamili ya kupimia.

Njia ya tatu: kuchomoa betri

Hii ndiyo inayopendwa mtaani, na kwenye gari za zamani inafanya kazi. Zima gari, toa ufunguo, chukua spana, mara nyingi namba 10, ulegeze waya wa hasi. Subiri kama dakika 15, kisha rudisha.

Lakini ina gharama zake. Saa na stesheni za redio zinapotea, na baadhi ya redio zinajifunga mpaka uingize namba ya siri. Vioo vya umeme vinaweza kuhitaji kufundishwa upya. Kompyuta nayo inasahau ilivyokuwa imejipanga, hivyo sailensa, yaani mlio wa gari ikiwa imesimama, inaweza kupanda na kushuka kwa muda. Baya zaidi, unapoteza ile kumbukumbu ya kosa. Na gari nyingi za kisasa zinahifadhi namba hata bila umeme, kwa hiyo unaweza kuhangaika bure.

Chomoa upande wa hasi tu, na kamwe usichomoe betri injini ikiwa inawaka. Unaweza kuunguza kompyuta au altaneta.

Umefuta? Kazi haijaisha

Taa kuzima baada ya kufuta hakuthibitishi kitu, umefuta ubao tu. Uthibitisho ni gari kukaa bila kosa kurudi. Baada ya siku moja au mbili za kuendesha, soma tena. Angalia hasa namba zinazosubiri, zile ambazo kompyuta imeziona mara moja lakini bado haijawasha taa. Ukikuta P0303 inasubiri, tatizo lipo, na umelijua mapema.

Likirudi P0420 badala ya namba za kumisi, huenda masega yalishaumia wakati gari inamisi. Fundi apime vizuri kabla hujaambiwa ununue mapya au uyatoe.

Gari za soko la Marekani za kuanzia mwaka 2010 hivi zina namba nyingine za kudumu ambazo hazifutwi na kidude wala betri. Zinaondoka kompyuta ikijiridhisha yenyewe.

Unanunua gari ya mkononi? Soma hapa vizuri

Kila kitu ulichosoma hapo juu, muuzaji mjanja anakijua. Anafuta namba asubuhi, wewe unakuja mchana, dashibodi ni safi. Unalipa, na kesho yake jioni taa inawaka.

Vitu viwili vya kukulinda:

Kwanza, weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini lazima iwake, kisha gari ikiwaka izime. Isipowaka kabisa, inawezekana imeungua, imetolewa au imezibwa. Uliza kwa nini.

Pili, kwa gari inayokubali kidude, fungua sehemu ya utayari wa vipimo kwenye programu. Kompyuta ina vipimo vya ndani kama vya masega na sensa za oksijeni, na ukifuta namba vyote vinarudi mwanzo. Ukikuta vingi vimeandikwa havijakamilika, ujue namba zimefutwa au betri imechomolewa karibuni. Huenda ni kweli jana alibadilisha betri. Basi mwambie mwende mzunguko mrefu na gari hiyo, au urudi baada ya siku chache ukapime tena. Muuzaji asiye na cha kuficha hatakataa.

Kwa kifupi

Taa ikipepesa, simama. Ikiwa imetulia, soma namba, piga picha, tengeneza chanzo, kisha ama uiache izime yenyewe au uifute kwa kidude. Betri iwe njia ya mwisho. Halafu pima tena baada ya siku mbili.

Na fundi akikwambia "usijali, nakuzimia hiyo taa sasa hivi", muulize kwanza swali moja: namba ilikuwa ngapi, na umebadilisha nini?