Picha Elfu Hamsini, Diski Moja

Zamani picha zilipotea moja moja. Mchwa walikula albamu ya shangazi, mvua ikavujia sanduku la mjomba, lakini nyumba ya pili ilibaki na nakala yake. Siku hizi picha hupotea zote kwa mpigo mmoja. Diski inayoenea kiganjani hubeba harusi, mazishi na ubatizo wa miaka kumi, na ikianguka kutoka mezani, yote huenda nayo.

Wengi huniuliza: "Nina picha nyingi, ninunue diski gani?" Swali ni zuri, ila limetanguliwa na mengine mawili. Kwanza, una picha kiasi gani? Pili, diski hiyo ikifa usiku wa leo, kesho asubuhi utabaki na nini?

Tuanze na hesabu. Picha ya kawaida kutoka kamera nzuri huchukua kama megabaiti 10. Terabaiti moja ni megabaiti milioni moja, kwa hiyo huingia picha laki moja. Mpiga picha wa harusi, ambaye huhifadhi picha ghafi, hutumia kama megabaiti 25 kwa kila moja. Akipiga picha 2,000 katika harusi moja, hizo ni gigabaiti 50. Na akipata harusi 40 kwa mwaka, amejaza terabaiti 2. Basi anunue diski itakayomtosha miaka miwili au mitatu mbele.

Usishangae kompyuta ikikuonyesha gigabaiti 931 badala ya 1,000. Hujapunjwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Aliyepunjwa ni yule aliyenunua barabarani flashi iliyoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya sahani ya pilau. Flashi kama hizo huwa zimechezewa ili ziidanganye kompyuta, na picha zikizidi uwezo wake wa kweli huharibika kimya kimya.

Diski zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake katika nafasi nyembamba kuliko unywele. Ndiyo maana haipendi kuangushwa. Ni uvumbuzi wa kampuni ya IBM wa mwaka 1956. Ile ya kwanza ilikuwa na sahani 50 na ilibeba herufi milioni 5 tu, yaani hata picha moja ya leo ya megabaiti 10 isingeenea. Aina ya pili, SSD, haina kinachozunguka. Ni nyepesi, ina kasi na huvumilia misukosuko, lakini kwa ukubwa ule ule bei yake ni kubwa zaidi, tena si ya kufungiwa kabatini miaka mingi bila kuonja umeme. Hivyo basi, picha unazozishughulikia sasa ziweke kwenye SSD, na ghala kubwa liwe kwenye diski za sahani.

Wenye picha nyingi mno huunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Mpango huu huitwa RAID, na ulielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Njia nyepesi ni diski mbili pacha: kinachoandikwa huku huandikwa na kule. Njia nyingine huhitaji diski tatu au zaidi, na siri yake ni kama hesabu ya darasa la pili. Diski moja ina 3, nyingine ina 5, ya tatu imeandika jumla, 8. Ikifa ile yenye 5, toa 3 kwenye 8, umeirudisha.

Lakini hapo ndipo watu hujidanganya. Pacha hufuata pacha mwenzake katika yote. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, zimefutika kote. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba zote mbili. RAID hukuokoa diski inapokufa. Haikuokoi na moto, mwizi, virusi wala kidole chako mwenyewe.

Mpiga picha Jacques Lowe, aliyempiga picha Rais Kennedy na familia yake, alihifadhi negativu zake zaidi ya 40,000 katika chumba imara cha benki jijini New York. Alifariki Mei 2001. Chumba hicho kilikuwa kwenye majengo ya World Trade Center, na Septemba 11 mwaka huo huo negativu zile ziliteketea. Kilichosalia ni picha zilizokuwa zimesafishwa na kuwekwa mahali pengine mjini humo. Chumba kilikuwa imara, ila kilikuwa kimoja.

Ndiyo maana mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe nje ya nyumba. Kwetu hapa, nakala ya kwanza ibaki kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu kwa dada yako mtaa mwingine, ukibadilishana naye diski kila mwezi. Mwenye uwezo wa bando aitume kwenye hifadhi ya intaneti, bila kusahau kwamba nayo ni jengo lenye diski: Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja wengine wakapoteza kazi zao moja kwa moja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Yape mafolda majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, yatajipanga yenyewe. Tafuta UPS, maana umeme ukikatika wakati diski inaandika huweza kuiharibu. Na usiifute kadi ya kamera kabla nakala mbili hazijafunguka mbele ya macho yako.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya diski huoza. Ifungue mara mbili kwa mwaka, angalia picha chache za zamani, na ikishazeeka, hamisha picha kabla haijakupigia kelele. Diski huuzwa kila siku dukani. Sura ya bibi yako aliyekwisha kufariki haiuzwi popote.