Punguza Kelele Nyumbani, Usizibe Hewa

Matatu, baa, karakana na mashine za kusaga huwanyima usingizi wakazi wengi wa miji kama Nyeri, Karatina, Othaya na Chaka. Nyumba inaweza kupunguziwa kelele kwa gharama ndogo, mradi kazi ifanywe kwa mpangilio.

Anza na nyufa. Panapopita hewa, sauti nayo hupita. Usiku, mtu mmoja amulike tochi nje na mwingine akae ndani gizani. Mwanga utakapopenya ndipo pa kushughulikia. Ufa wa ukutani hujazwa saruji, kioo kinacholegea hushikwa kwa puti, na mlango huwekewa ukanda wa mpira chini na kandokando ya fremu.

Kisha ongeza uzito. Ukuta wa mawe huzuia sauti kuliko wa mbao. Mwenye nyumba ya mbao anaweza kupigilia tabaka la pili kwa ndani, akiacha nafasi kati ya tabaka hizo. Chini ya mabati, weka dari. Itapunguza pia kishindo cha mvua. Mapazia mazito na mazulia hutuliza mwangwi wa chumbani, lakini huzuia kelele ya nje kwa kiasi kidogo tu. Mpangaji apate kwanza idhini ya mwenye nyumba.

Tahadhari: matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yasizibwe. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, baadhi ya familia huingiza jiko la makaa ndani ili kuota moto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke kamwe. Jiko la makaa lisiwekwe chumba cha kulala, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Ikiwa kelele inaingia kupitia matundu, hamishia kitanda chumba kisichoelekea barabara, au fundi afunike tundu kwa sanduku la mbao lenye njia ya kona. Hewa itapita, sauti itapungua.

Hata hivyo, si haki mkazi abebe mzigo wote. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Usiku huhesabiwa kuanzia saa 2:01 jioni hadi saa 12:00 asubuhi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele.

Anayesumbuliwa aandike tarehe, saa na chanzo cha kelele, kisha awasilishe malalamiko kwa ofisi ya mazingira ya kaunti au kwa NEMA. Majirani wakiandika pamoja, malalamiko yao huwa na uzito zaidi.