Soketi ya Umeme Nyuma ya Gari

Mwenye gari la abiria liendalo Kisumu kutoka Kakamega aweza kupenda kuongeza soketi karibu na viti vya nyuma, abiria wapate kutia simu chaji. Kazi hii yaonekana ndogo, lakini ikifanywa vibaya gari laweza kuungua.

Jambo kubwa ni fyuzi, yaani kile kiwaya kikatikacho umeme ukizidi. Wako mafundi waitiao nyuma, kando ya soketi. Hilo ni kosa. Bodi ya gari imeunganishwa na upande hasi wa betri. Gari likitikisika katika barabara ya murram, waya wa upande chanya ukachubuka na kugusa bodi, umeme hupita hapo kwa nguvu nyingi na waya hushika moto, nayo fyuzi iliyo nyuma haina habari. Basi fyuzi na iwe karibu na betri, na kila tundu la bati lipitishalo waya livikwe mpira.

Volti 12 kwa fyuzi ya ampea 10 ni wati 120 tu: zatosha simu, si pasi. Waya mrefu na uwe mnene. Mwambieni fundi aifungie swichi pia, msije mkakuta asubuhi betri imekwisha.