Gemu ya Kikristo: Unalipia Nini Hasa?

Gemu za Kikristo za mashine ya Nintendo zilianza kwa ugomvi wa leseni. Miaka ya 1990 ilipokuwa ikiingia, kampuni ya Kimarekani iliyoitwa Color Dreams ilikuwa ikitengeneza kaseti za mashine ya Nintendo bila idhini ya Nintendo yenyewe. Wenye maduka waliogopa kuziweka, maana Nintendo ingeweza kuwanyima mzigo. Color Dreams ikatazama huku na huku, ikaona kuna maduka ambayo Nintendo haina la kuyafanya: maduka ya vitabu vya Kikristo. Hayo yaliuza Biblia, kadi na misalaba ya ukutani, na hayakuwa na kaseti yoyote ya Nintendo ya kunyimwa. Ikabuni jina jipya, Wisdom Tree, na mwaka 1991 ikatoa Bible Adventures.

Kaseti hiyo ilikuwa na gemu tatu. Nuhu anakusanya wanyama na kuwabeba kichwani, mtoto Musa anaokolewa mikononi mwa watu wa Farao, na Daudi anachunga kondoo kabla ya kufika kwa Goliathi. Uchezaji wenyewe umeigwa kwa Mario: beba, ruka, rusha. Na kwa kuwa kitufe cha kurusha hakibagui, mchezaji anaweza kumrusha mtoto Musa hewani na kumwokota tena, naye asipate hata mchubuko.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa na gemu nyingine ya zamani, Menace Beach, ya kijana mwenye ubao wa magurudumu anayemtafuta mpenzi wake aliyetekwa. Mwaka 1995 ikarudi sokoni kwa jina la Sunday Funday. Kijana ni yuleyule na ubao ni uleule, ila sasa anawahi shule ya Jumapili. Exodus nayo, ambamo Musa anachimba njia katikati ya mawe, ilitoka kwenye gemu ya roboti wa mgodini iliyoitwa Crystal Mines.

Nimeanza huko kwa sababu mzazi anayetafuta gemu ya Kikristo leo, awe Nakuru au Mwanza, bado anauziwa kwa mtindo uleule. Anaonyeshwa jina na picha ya jalada, kisha anaachiwa agundue mwenyewe kilichomo. Mimi hutazama vidole kwanza. Vidole vya mtoto vinafanya nini saa nzima, na kampuni inapata vipi pesa yake? Majibu ya maswali hayo mawili huniambia mengi kuliko jina la mhusika.

Bei ninazotaja ni za orodha, kwa dola. Nimekadiria dola 1 kuwa shilingi 130 za Kenya au 2,500 za Tanzania, na kodi huenda ikaongezeka juu yake. Punguzo huja mara kwa mara, hasa wakati wa sikukuu, na asiye na haraka hulipa nusu.

Tuanze na ya bei ndogo. Super 3D Noah's Ark, ya Wisdom Tree pia, ilitoka mwaka 1994 na sasa inauzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam kwa dola 5 hivi, yaani kama shilingi 650 za Kenya au 12,500 za Tanzania. Injini yake ni ya Wolfenstein 3D, gemu maarufu ya kuwamiminia risasi Wanazi, na Wisdom Tree iliipata kwa leseni halali kutoka id Software. Nuhu anatembea kwenye korido za safina akiwa na kombeo la kurushia chakula. Mbuzi wanamjia na kumpiga mateke, anawarushia chakula, wanashiba na kulala. Hakuna damu wala anayekufa. Lakini ukizima sauti na kutazama kidole tu, utaona ni kulekule kuvizia kwenye kona na kufyatua kila kinachosogea. Kama kinachokukera kwenye gemu za bunduki ni damu, hapa umepona. Kama kinachokukera ni ule moto anaoshikwa nao mtoto hata asisikie akiitwa kula, umelipa shilingi 650 kuubadilishia nguo. Kijana mkubwa anayependa historia ya gemu ataifurahia. Kwa mafunzo ya Biblia, hapana.

Kuna waliojaribu kuuingiza uchaji Mungu ndani ya kanuni za mchezo. Left Behind: Eternal Forces ya mwaka 2006, iliyotokana na riwaya za Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins, inamweka mchezaji New York baada ya Wakristo kunyakuliwa. Anaongoza kikosi kinachopambana na jeshi la Mpinga Kristo. Kila mtu wake ana kipimo cha roho. Akiua, kipimo kinashuka, akiomba, kinapanda. Kwa maneno, gemu inafundisha kuwa kuua kunamwondolea mtu kitu. Kwa vidole, inafundisha kuwa unaweza kuua, ukabofya maombi, ukarudi kazini. Baadhi ya vikundi vya Wakristo wenyewe huko Marekani viliitaka Wal-Mart iiondoe kwenye rafu zake. Mimi nisingeinunua, na sababu yangu si vita. Vita vimo kwenye Waamuzi na Samweli, na tunawasomea watoto. Kinachonisumbua ni toba iliyogeuzwa kuwa betri ya kuchaji.

Upande wa pili kuna gemu zenye majina ya Biblia ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya kanisa. The Binding of Isaac ya Edmund McMillen, ya mwaka 2011, imechukua jina lake kwenye kisa cha Ibrahimu na mwanawe. Mama anasikia sauti ikimwamuru amtoe mtoto wake sadaka, mtoto anakimbilia chini ya nyumba, huko anapigana na majinamizi kwa kuwarushia machozi yake. McMillen alikulia katika ukoo wa Wakatoliki na Wakristo waliookoka, na gemu nzima inanuka hofu ya mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba ni mwenye dhambi. Nintendo iliikataa mwaka 2012 kwa sababu ya mambo ya dini yaliyomo, kisha miaka michache baadaye ikalipokea toleo jipya, Rebirth, linalouzwa karibu dola 15. Mtu mzima anayetaka kujua dini inavyoweza kumtia mtoto jeraha atapata humo mahubiri makali. Mzazi atakayeinunulia darasa la shule ya Jumapili kwa sababu ameona jina la Isaka atakuwa na maelezo marefu ya kutoa kwa mchungaji.

El Shaddai ya Wajapani, ya mwaka 2011, imejengwa juu ya Kitabu cha Henoko. Kwetu wengi kitabu hicho hakimo, lakini kwenye Biblia ya Waorthodoksi wa Ethiopia kimo. Je, ni ya Kikristo Addis Ababa na si ya Kikristo Nairobi? Na kama unadhani kelele za waumini ni kipimo kizuri cha gemu mbaya, kumbuka gemu ya Dante's Inferno. Mwaka 2009 watu walisimama Los Angeles na mabango ya kuilaani kwa jina la Yesu, kisha ikajulikana kuwa walikuwa wamelipwa na Electronic Arts (EA), wenye gemu wenyewe, ili itajwe magazetini.

Ukiniuliza gemu moja ninayoweza kuiita ya Kikristo bila kusita, nitakutajia ambayo jalada lake halina msalaba. That Dragon, Cancer ilitengenezwa na Ryan na Amy Green, wazazi wa Kimarekani, pamoja na wenzao wachache, kuhusu mtoto wao Joel aliyepata saratani ya ubongo akiwa na mwaka mmoja. Walianza kuitengeneza Joel akiwa hai. Alifariki Machi 2014 akiwa na miaka mitano. Gemu ikatolewa tarehe 12 Januari 2016, siku ambayo angetimiza miaka saba.

Mle ndani hakuna pointi za kukusanya. Kuna chumba cha hospitali usiku, mtoto ana kiu na analia, na baba ndiye wewe. Unabofya kiti, unabofya dirisha, unabofya juisi. Anakunywa, anatapika, analia zaidi. Vidole vilivyozoea kwamba kila kitufe kina matunda vinabaki vikihangaika. Mwishoni baba anaomba, si kwa ufasaha, na mtoto anatulia. Gemu haikuambii kama ni kwa sababu ya ombi. Baadaye unapita kwenye hospitali iliyojaa kadi, mamia ya kadi, zenye ujumbe wa watu halisi walioichangia gemu hii na ambao nao wamepoteza wapendwa wao. Mke na mume hawaelewani kuhusu imani: Amy anashikilia kuwa mtoto atapona, Ryan anazama. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye maombi ya mgonjwa ambaye baadaye alizikwa anaijua hali hiyo ya kutotazamana machoni.

Ilianza kwa dola 15, siku hizi inapatikana kwa karibu 10, na inaisha kwa saa mbili hivi. Kwa hesabu ya saa ndiyo ghali kuliko zote humu. Usimnunulie mtoto. Kikundi cha vijana wakubwa, au watu wa kanisa wanaohudumia wafiwa, wakiitazama pamoja kwenye skrini moja, shilingi 1,300 zimekwenda mahali pazuri.

Na zile zisizo na dini kabisa? Stardew Valley, dola 15 kwenye kompyuta na chini ya hapo kwenye simu, ni gemu ya kulima iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, mwaka 2016. Unarithi shamba la babu, unapanda, unamwagilia, unawapelekea majirani zawadi na kujua nani anapenda nini. Kijijini kuna ukumbi wa jamii uliobomoka. Unaweza kuufufua kwa kupeleka mazao na samaki kidogo kidogo, au ukajiunga na kampuni kubwa ya Joja, nayo ikaugeuza kuwa ghala lake. Mwenye macho makali ataona pia kilabu cha pombe, kasino huko jangwani, mchawi, na madhabahu ya mungu wa kubuni aitwaye Yoba ndani ya duka la Pierre. Mzazi wa dhehebu kali ana haki ya kukataa kwa hayo. Mimi naona mtoto anayeumiza kichwa kuhusu zawadi ya jirani mzee amefika mbali kuliko anayefyatulia mbuzi chakula. Tena ukishalipa, umelipa. Hakuna anayekudai tena.

Hapo ndipo penye uzito kwetu. Makanisa mengi yanahubiri dhidi ya kubeti, kisha watoto wanatoka ibadani na kuingia kibanda cha gemu kucheza FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Haina pepo wala damu wala uchi, na mfumo wa Ulaya wa kupanga umri, PEGI, umekuwa ukiipa alama ya miaka 3. Mechi ya kibandani haina neno. Lakini anayecheza nyumbani kwenye sehemu yake iitwayo Ultimate Team anauziwa pakiti za wachezaji zilizofungwa. Unalipa kwanza, ndipo unajua kama umepata nyota au umepata beki wa akiba. Mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji yalisema pakiti za aina hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kuzinunulia. Huku kwetu zinauzwa. Gemu yenyewe inakula bando nyingi hata kabla ya pakiti ya kwanza, na pakiti hazina mwisho.

Za bure nazo zitazame kwa jicho hilo. Bible App for Kids, iliyotolewa mwaka 2013 na watu wa YouVersion, ni ya bure kweli: hadithi za kugusagusa, bila matangazo, bila cha kununua ndani. Kwa mtoto wa miaka minne hadi saba sioni sababu ya kulipia kingine. Lakini ukitafuta chemshabongo za Biblia kwenye simu utapata lundo la zinazoishi kwa matangazo. Niliwahi kuwekewa tangazo la kubeti kati ya swali la Mitume Kumi na Wawili na swali la Yona. Zima data kabla ya kumpa mtoto simu. Nyingi ya chemshabongo hizo huendelea kufanya kazi.

Kuhusu kulipa, Kenya unaweza kufungua kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay bila kwenda benki. Weka humo kiasi cha gemu tu, usiache salio la kuvutia vidole, na kwenye Play Store weka nywila kwa kila ununuzi. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14, mradi gemu haijachezwa zaidi ya saa 2. Zitumie saa hizo mwenyewe, mtoto akiwa shuleni.

Kwa shilingi 2,000 za Kenya, nyumba yenye watoto wa darasa la nne hadi la nane ningeinunulia Stardew Valley na kumwonyesha mkubwa wao ile kasino kabla hajaigundua. Kikundi cha vijana ningekipa That Dragon, Cancer, na zinazobaki zikanunue bando. Safina ya Nuhu ningeisubiria punguzo la Desemba.