Wajamaika Juu ya Barafu

Muhula huu tulionyeshwa katika ukumbi wa shule filamu iitwayo Cool Runnings, iliyotolewa mwaka 1993. Habari zake ni za vijana wanne wa Jamaika, kisiwa cha jua na miwa, waliokwenda Kanada mwaka 1988 kushindana katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Usiku ukazuka ubishi bwenini. Mwenzangu mmoja alishikilia kwamba watu wale walikuwa wanamichezo hasa. Mimi nikasema walikwenda kufanya mzaha, kwani mtu wa nchi ya joto ana nini na barafu? Kesho yake nikaenda maktaba kutafuta hoja za kumshindia, nikarudi mikono mitupu.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe, maana filamu huupitia haraka. Huitwa bobuslei. Gari lake halina injini wala magurudumu, bali vyuma virefu vya kutelezea, nalo huteremka mlimani katika njia iliyojengwa kama mfereji wenye kuta za barafu na kona nyingi. Watu wanne hulisukuma kwa mbio kiasi cha mita 50, kisha hurukia ndani mmoja baada ya mwingine na kuinama. Wa mbele ndiye dereva, naye huligeuza kwa kamba mbili. Wa nyuma kazi yake ni breki, ambayo haivutwi ila baada ya kuvuka mwisho. Gari pamoja na watu wake halitakiwi kuzidi kilo 630, na mwendo wake hupita kilomita 120 kwa saa. Muda hupimwa hadi sehemu ya mia ya sekunde, kwa hiyo anayesukuma kivivu amekwisha kushindwa kabla hajaketi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipoanza kuvunjika. Kumbe mwanzo wa mchezo huu ni mbio fupi, na nani asiyejua mbio za Wajamaika? Miguu walikuwa nayo. Kilichowapungukia ni udereva. Dudley Stokes, aliyeshika kamba, alikuwa kapteni wa jeshi na rubani wa helikopta, lakini kazi hii alikuwa ameijua kwa miezi michache tu. Mdogo wake, Chris, alikwenda Calgary kutazama michezo, akatiwa katika timu kwa kuwa mwenzao mmoja aliumia! Hili, nadhani, lingefaa filamu kuliko mengi waliyoyatunga.

Katika mteremko wa tatu gari lilipinduka konani, likaendelea kuteleza huku vichwa vyao vikikwaruzwa na ukuta wa barafu. Filamu huonyesha wakilibeba gari mabegani hadi mwisho. Sivyo ilivyokuwa. Walitoka chini yake wakiwa hai, wakatembea kando yake kwa miguu, na watazamaji wakawashangilia. Katika matokeo wakaandikwa kwamba hawakumaliza.

Filamu inakoma hapo, na mimi nilidhani mambo nayo yalikoma hapo. La! Mwaka 1992 walikuwako Albertville, Ufaransa. Mwaka 1994 wakaenda Lillehammer, Norwei, na dereva alikuwa yule yule Dudley Stokes, na ndugu yake Chris nyuma yake. Safari hiyo gari halikupinduka. Walimaliza miteremko yote minne, wakawa wa 14, mbele ya Marekani, Urusi na Ufaransa, nchi ambazo watoto wake huiona theluji kila mwaka. Miaka sita ilikuwa imepita tangu Calgary, na miaka hiyo ndiyo iliyomfanya Stokes dereva.

Mwenzangu wa bwenini nimemsomea haya yote kabla ya kumpa Mhariri. Amefurahi kwamba ameshinda, ila anasema ile ya kubeba gari mabegani ni tamu zaidi.