Kukuza herufi kwenye tovuti: haki ya wenye macho hafifu ambayo wengi wanaisahau

Tangazo limetoka asubuhi: barabara itafungwa kwa siku mbili, ama matokeo ya mtihani wa taifa yametangazwa. Mjini Goma, Bukavu, Bunia ama Uvira, wengi wanalisoma kwenye simu kwa dakika moja tu. Lakini kwa mtu mwenye macho hafifu, ndipo kazi inaanza. Anasogeza simu karibu na uso, anajaribu kukuza herufi kwa vidole viwili, ukurasa unakataa. Mwishoni anamwita mtoto wa nyumbani amsomee.

Kwa habari ya barabara, hilo si shida kubwa. Lakini ukurasa ukiwa wa benki ama wa majibu ya hospitali, siri ya mtu mzima inapita kwanza mbele ya macho ya mwingine.

Si wote ni vipofu

Watu wengi wenye ulemavu wa kuona si vipofu kabisa. Wanaona, ila kidogo. Kati yao kuna wenye ualbino, wenye mtoto wa jicho, wenye glaukoma, na wale walioharibiwa macho na onkoserkozi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo wa kandokando ya mito na ambao bado uko katika majimbo mengi ya Congo. Tena, kuanzia umri wa miaka 40 hivi, karibu kila mtu anaanza kusoma maandishi madogo kwa shida.

Katika ripoti yake ya mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilisema kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, la karibu ama la mbali. Kwa angalau bilioni 1 kati yao, tatizo hilo lingeweza kuzuiwa ama bado halijatibiwa. Wengi wanakosa miwani tu. Kwao, herufi kubwa ndiyo msaada wa kwanza.

Tovuti inavyoweza kumfungia mtu mlango

Tovuti nyingi zinaweka kitufe chenye herufi A ndogo na A kubwa ili msomaji achague ukubwa anaotaka. Ni jambo zuri, lakini kitufe peke yake hakitoshi. Simu na kompyuta tayari zina uwezo wa kukuza maandishi. Mara nyingi shida inatoka kwa aliyetengeneza tovuti.

Kosa la kwanza ni kuandika amri inayokataza ukurasa kukuzwa kwa vidole. Mtengenezaji anataka sura ya ukurasa ibaki nzuri, na kwa hiyo anamnyima msomaji njia ya kusoma. Kosa la pili ni maandishi yasiyojipanga upya yakikuzwa: mstari unatoka nje ya kioo, na msomaji anausukuma kushoto na kulia mpaka anasahau alikuwa amefika wapi.

Kosa la tatu linajulikana sana kwetu: kupiga picha barua yenye muhuri na kuitangaza kama picha tu. Picha ikikuzwa, herufi zinakuwa ukungu. Na programu za simu zinazowasomea vipofu kwa sauti mara nyingi hazipati neno la kusoma ndani yake. Isitoshe, picha inakula mega nyingi kuliko maneno yaleyale yakiandikwa. Hapo hata mwenye macho mazima anapata hasara.

Kanuni ziko, sheria iko

Muungano wa kimataifa wa W3C, unaoweka kanuni za kutengeneza tovuti, uliandika mwaka 2008 kwamba maandishi yanapaswa kuweza kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu chochote kupotea kwenye ukurasa. Mwaka 2018 uliongeza kwamba maandishi yajipange upya ndani ya kioo chembamba, bila kumlazimisha msomaji kuyasukuma huku na huku.

Kwa upande wake, Congo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinazitaka nchi ziwawezeshe watu hao kuzifikia habari, pamoja na zile za kwenye intaneti. Tarehe 3 Mei 2022, nchi ilipata pia sheria yake ya kulinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Kwa hiyo, mtu anayeomba herufi kubwa haombi sadaka.

La kufanya leo

Wakati tovuti zinangojewa kubadilika, msomaji ana njia kadhaa. Kwenye simu nyingi za Android zilizo kwa Kifaransa, anafungua «Paramètres», kisha «Affichage» ama «Accessibilité», na kutafuta «Taille de police». Ndani ya WhatsApp, anapita kwenye «Paramètres», halafu «Discussions». Programu ya Chrome ya Android nayo, katika sehemu yake ya «Accessibilité», ina chaguo la kulazimisha ukurasa ukubali kukuzwa hata kama tovuti imekataza. Kwenye kompyuta, kushika Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha kunatosha. Ctrl na sifuri kunarudisha ukubwa wa kwanza.

Kwa wenye tovuti, kazi si kubwa wala ya pesa nyingi: kuondoa amri inayokataza kukuza, kutumia herufi nyeusi juu ya weupe badala ya kijivu kilichofifia, na kuandika maneno ya tangazo chini ya picha yake. Kabla ya kutangaza, waufungue ukurasa kwenye simu ndogo na kukuza herufi mara mbili. Kama wao wenyewe wanashindwa kuusoma, mama mwenye mtoto wa jicho hataweza.